Mteja wangu wa miaka kumi ameacha kununua gazeti, na sina la kumjibu

Mama Magazeti
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisaidie mawazo, jambo hili limenikaa rohoni tangu uchaguzi wa Oktoba 2025.

Nauza magazeti hapa Mbeya, karibu na Kabwe, chini ya mwavuli pembeni ya kituo cha bajaji. Zamani niliuza Mafinga, pale mabasi yanaposimama abiria wapate kula. Ukijumlisha kote ni mwaka wa kumi na sita sasa nashika magazeti.

Kuna mzee mmoja wa Iyunga, mstaafu wa reli ya TAZARA. Miaka kumi nzima alikuwa mteja wangu wa kwanza. Anakuja na noti ya elfu moja imekunjwa mara nne, anachukua gazeti lake, anaanza ukurasa wa mpira, kisha ndipo anageuza mbele. Tangu Novemba anapita tu. Ananisalimu, anaweka mikono nyuma, anasoma vichwa vya habari akiwa amesimama, anaondoka. Wiki iliyopita nikamwita: "Baba shikamoo, gazeti lako nimekuwekea." Akasema: "Marahaba mwanangu. Mpe mwingine. Niliyoyaona hawakuyaandika, na wanayoyaandika mimi sikuyaona."

Nikakosa neno, kwa sababu hata mimi niliyaona.

Tarehe 29 Oktoba 2025 sikupanga meza, ilikuwa siku ya kura ya uchaguzi mkuu, siku ile watu walipoandamana. Nilikuwa nyumbani nafua. Mchana nikasikia milio upande wa barabara kuu, nikadhani ni lori limepasukiwa matairi. Ikaendelea. Baadaye moshi wa mabomu ya machozi ukafika mpaka uani kwetu. Nguo za mtoto nilizokuwa nimeanika nililazimika kuzianua na kuziloweka upya, maana nilipomvalisha fulana alianza kulia na kujikuna shingo. Hilo sikuhadithiwa. Nililifua kwa mikono yangu mara mbili.

Intaneti ikakatika. Magazeti nayo hayakufika. Siku yalipofika, la kwanza kulifungua lilikuwa na picha kubwa ya watu wamepanga foleni ya kupiga kura, wanatabasamu. Nikageuza kurasa zote mpaka matangazo ya vifo. Mbeya yangu haikuwemo. Kijana mmoja wa bajaji akanunua lile lile, akasoma dakika mbili, akalikunja vizuri na kulirudisha juu ya rundo. Nikamwambia chukua hela yako. Akakataa, akaondoka. Ingekuwa heri anitukane.

Tarehe 3 Novemba Rais Samia aliapishwa Dodoma, na katika hotuba yake alikiri kwamba kuna watu walipoteza maisha. Sasa mimi najiuliza: ikiwa kiongozi wa nchi amelisema mbele ya wageni na kamera, kwa nini gazeti lililokuwa na watu wake mkoani lilishindwa kuliandika siku nne kabla?

Halafu intaneti ikarudi, na video zikamwagika. Wakati huo huo tukapata ujumbe wa polisi kwenye simu, unaonya watu wasisambaze picha. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Video nyingine unaona wazi ni kwetu, unajua mpaka duka lililo nyuma. Nyingine zina sauti za ajabu, magari siyajui, lakini watu wanazipokea zote sawa. Mama ntilie jirani yangu, ambaye mikono yake ina unga muda wote, huwa ananiambia "nisomee". Nilikuwa namsomea gazeti. Siku hizi ananyoosha simu: "Nisomee hii." Na mimi sijui kama ninachomsomea ni kweli.

Kuna jambo la zamani linanirudia kila siku. Mwaka 2012 nilikuwa Mafinga. Mwisho wa Julai gazeti la Mwanahalisi lilikuwa limefungiwa, na watu waliendelea kuniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba nimelificha chini ya meza. Kisha Jumapili ya tarehe 2 Septemba, kijiji cha Nyololo, hapo hapo Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa wakati polisi wakitawanya wafuasi wa chama cha upinzani, CHADEMA, waliokuwa wakifungua tawi. Maelezo ya mwanzo ya polisi yalielekeza kidole kwa wafuasi wa chama. Lakini mwandishi mwenzake alikuwa amepiga picha. Magazeti yakaitoa: askari wamemzunguka, yuko chini.

Sijawahi kuuza vile. Saa tatu sikuwa na nakala hata moja. Konda wa basi la Songea alinunua tano. Mama mmoja wa kuuza njugu alinikopa gazeti, na hajui kusoma, akasema anataka ile picha tu. Aliikata kwa wembe pale pale mezani. Siku ile sikusikia mtu hata mmoja akisema "magazeti ni waongo". Na ilipofika 2016, Mahakama Kuu pale Iringa ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, watu walinijia na kuniambia, "Unaona, ile picha."

Kwa hiyo nasikia uchungu ninapoambiwa watu hawapendi kusoma, eti wamehamia kwenye simu. Hapana. Mimi niko mezani, nawaona. Watu waliacha siku gazeti liliponyamazia jambo lililotokea mlangoni kwao. Ukimficha mtu habari ya Ulaya hatajua. Ukimficha habari ya mtaa wake, hata matokeo ya Simba na Yanga atakwenda kuyahakikisha kwingine.

Swali langu: mteja akisimama mezani akaniuliza "mama, hapa lipi linasema kweli?", nimjibu nini? Na mzee wangu nimwambie nini? Msiniambie niache biashara, nina watoto watatu shuleni.

---

Kalamu ya Kihesa
Kamwene dada. Nimesoma mara mbili. Niliandika kutoka Iringa miaka tisa, nikaacha 2019. Mwangosi nilimfahamu kazini. Nitakueleza jinsi habari inavyopotea kati ya mtaa wako na meza yako, maana wengi wanadhani kuna mtu mmoja amekaa Dar es Salaam anafuta. Mara nyingi hakuna haja ya mtu huyo.

Kuna neno chumba cha habari linaitwa "kubalansi". Ni neno zuri, maana yake usimsikilize mmoja tu. Sasa tazama linavyofanya kazi. Mwaka mmoja kulikuwa na mgogoro wa ardhi katika kijiji fulani, polisi wakaenda, watu wakaumia. Nilifika kwa bodaboda. Niliongea na muuguzi wa zahanati aliyefunga vidonda, nikaandika majina, umri, saa waliyofika. Nilimwona kijana mmoja kandambili zake zimeganda damu, amezishika mkononi hataki kuziachia. Nikampigia kamanda wa polisi mara sita. Hakupokea. Nikatuma habari. Mhariri akanijibu: "Nzuri, lakini haijabalansi, tumsubiri kamanda."

Kesho yake polisi wakatoa taarifa kwa umma. Haikupita saa moja ikawa imepandishwa: "Polisi watuliza vurugu". Hakuna aliyeuliza kama muuguzi amepigiwa simu, au kama wanakijiji wamebalansiwa. Umeona hapo? Ikiwa upande mmoja una uwezo wa kuua habari kwa kutopokea simu, basi mizani hiyo ina jiwe chini ya sahani moja.

Ile habari yangu haikutoka kamwe. Malipo yalikuwa kwa stori iliyotoka, kwa hiyo sikulipwa. Nauli ya bodaboda ilikuwa yangu.

Lakini dada, usitutie kapu moja mwandishi, mhariri na mwenye gazeti. Mhariri naye anakumbuka. Anakumbuka Septemba 2013, Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90, kwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, leseni zikawa za kuomba na kuhuishwa. Oktoba 2024 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi zikasitishwa siku 30. Mwezi wa tano 2025 mtandao wa X ukazimwa nchini, na Septemba, wiki chache kabla ya kura, jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likasimamishwa siku 90. Mhariri akikaa na habari ya Mbeya usiku ule, anahesabu mishahara ya watu wake wa miezi mitatu. Simtetei. Nakwambia tu alikuwa anahesabu nini.

Na mwandishi wa mkoani ana hesabu nyingine. Agosti 2024 hapo hapo kwenu, vijana wa CHADEMA walipokuja kwa Siku ya Vijana na polisi wakazuia mkutano, polisi wenyewe walisema wamekamata watu 520. Waandishi waliokuwa kazini walikamatwa humo humo. Huyo mwandishi hana bima wala mshahara wa mwezi. Mabomu yakianza kupigwa, gazeti linamtambua kama "mwandishi wa kujitegemea".

Mimi niliacha kwa sababu mke wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Siku ukibaki Nyololo, nani atakuja kunieleza?"

---

Dogo wa Tunduma
Mama shikamoo. Mimi naendesha bodaboda huku mpakani. Nitasema ukweli wangu, msinikasirikie.

Sisi vijana gazeti hatulipi elfu moja litueleze ni shwari wakati macho yanatuwasha. Siku zile tano bila intaneti hatukuwa na kitu. Baba mkwe ana redio ya betri, jioni tulikuwa tunakusanyika watu kumi na kitu kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya DW kutoka Ujerumani. Hebu fikiria mama, niko Tunduma, nataka kujua ya Tunduma, naisubiri Ujerumani iniambie.

Lakini kuna jambo nataka kulikiri. Intaneti iliporudi nilisambaza video moja kwenye magrupu saba. Watu wanakimbia, moshi, kijana amebebwa. Niliandika "Mbeya hii jamani". Dada yangu aliyewahi kufanya kazi Nairobi akanipigia: "Umeisikiliza?" Nikasema nimeiangalia. Akasema "isikilize". Nikaweka sikioni. Wanaitana "buda", mmoja anasema "wacha tuende tao". Hicho si Kiswahili cha huku. Halafu akaniambia tazama gari jeupe linapopita, soma namba. Inaanza na K. Ilikuwa ya Kenya, yale maandamano ya Juni 2024 ya muswada wa fedha.

Nikaenda grupu moja moja kufuta, lakini ilikuwa imeshaondoka. Na kuna mama wa mtaani kwetu, mwanawe alikuwa hajaonekana siku tatu. Aliiona ile video, akadhani aliyebebwa ni mwanae. Alipiga magoti barabarani. Mwanae alirudi salama, alikuwa amejificha Mlowo kwa shangazi yake. Lakini nilichomfanyia yule mama kwa siku moja sijakisahau, na kumwomba radhi bado sijapata nguvu.

Siku hizi kabla sijatuma nasikiliza kwanza bila kuangalia. Lafudhi haidanganyi. Halafu namba za magari, za kwetu zinaanza na T. Halafu mavazi: Mbeya kuna baridi, ukiona wote vifua wazi jasho linawatoka, jiulize mara mbili.

Gazeti bado silinunui, mama. Ila picha kama ile ya 2012 wakiitoa, nitakuja na pikipiki mpaka Kabwe.

---

Mama Magazeti
Kalamu ya Kihesa, nimesoma habari ya yule kijana na kandambili zake, nikaacha simu kidogo. Kumbe iliandikwa. Mimi nilidhani hamkwenda.

Dogo, marahaba mwanangu. Nenda kwa yule mama. Usisubiri nguvu, nenda bila nguvu hivyo hivyo. Mzazi aliyerudishiwa mtoto hana moyo wa kukaa na kisasi.

---

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu
Ugonile mama, na wengine wote salamu. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na nne, kwa hiyo nitasema kwa njia ninayoijua.

Kizazi changu kilikua na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na magazeti ya chama, Uhuru na Mzalendo. Saa mbili usiku kijiji kizima kilinyamaza kwa taarifa ya habari. Tulijua ni sauti ya nani, hivyo tulijua pia pa kuongeza chumvi na pa kupunguza. Haikutuuma. Kinachouma leo ni kwamba gazeti linajiita la wananchi wote, mwananchi akilitafuta siku ya shida halimwoni. Huyo mzee wa Iyunga ana hasira ya mtu aliyeamini. Asiyeamini hasimami mezani kusoma vichwa vya habari kila asubuhi.

Sasa swali lako, lipi linasema kweli. Mama, usiwajibu kwa jina la gazeti. Wasomee vitenzi.

Lugha yetu ina kauli ya kutenda: "Askari alifyatua risasi." Mtendaji yuko mlangoni, unamwona. Ina kauli ya kutendwa: "Risasi ilifyatuliwa." Mtendaji amejificha nyuma ya pazia, lakini unajua yupo, na ukiweka kijineno "na" atatoka: ilifyatuliwa na nani? Halafu kuna kauli ya kutendeka: "Risasi ilifyatuka." Hapo mtendaji hayupo kabisa. Risasi imejifyatua yenyewe, kama kikombe kilichovunjika kabatini usiku. Chukua gazeti lolote la siku za ghasia uhesabu: vurugu "zilizuka", magari "yaliungua", risasi "zilisikika", watu "walipoteza maisha". Kwa Kiswahili sanifu kabisa, umeelezwa msiba mzima na hakuna binadamu aliyefanya kitu.

Nilikuwa nawapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi hilo, kwa habari za ajali. "Basi liliacha njia." Nawauliza, liliacha lenyewe? Walicheka, lakini walikuwa hawasahau.

Kipimo hicho uwapime na wa mitandaoni, usiwaonee magazeti peke yao. Kule shida ni kinyume: mtendaji anatajwa mapema mno. "Wameua mia tano hapa." Nani alihesabu? Alisimama wapi? Saa ngapi? Jeneza la kwanza lilitoka nyumba ipi? Anayejua atakujibu moja. Asiyejua atakutukana. Tofauti hiyo ya majibu imenisaidia kuliko nembo yoyote.

Na "alifariki" si "aliuawa". Mwangosi hakufariki, aliuawa, mahakama imesema. Ukiona gazeti mpaka leo linaandika "alifariki katika tukio la Nyololo", wasomee wateja wako na hilo.

Jambo moja sikubaliani nawe, mama. Umesema mzee uligundua ameacha Novemba, lakini hukumuuliza alikuwa anatafuta nini humo. Umemuuliza kwa nini hanunui, si kwa nini alikuwa ananunua. Mwendee.

---

Kalamu ya Kihesa
Mwalimu, hilo la kutendeka nimelichukua. Nikikumbuka, neno "watuliza" kwenye kichwa cha ile iliyochukua nafasi ya habari yangu lilikuwa la kutenda, tena mtendaji ametajwa waziwazi: polisi. Kumbe anatajwa kwenye tendo jema tu.

---

Mama Magazeti
Nimerudi. Mwalimu, nilikwenda Iyunga jana jioni baada ya kufunga meza. Nilibeba mkate na sukari, maana sijawahi kufika kwake.

Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamuuliza kama ulivyosema: baba, ulikuwa unatafuta nini humo? Akanyamaza muda mrefu. Akaingia ndani akatoka na magazeti amefunga kwa kamba ya katani. Kumbe hakuacha siku ile ya kwanza. Kwangu ndiko aliacha. Alinunua mengine stendi, ya majina tofauti, tarehe moja baada ya nyingine mpaka katikati ya Novemba. Aliona aibu mimi nijue.

Alikuwa anatafuta mjukuu wake. Kijana wa miaka kumi na tisa, fundi wa kuziba pancha, alichukuliwa tarehe 30 Oktoba asubuhi akienda kazini na pampu yake mkononi. Siku tisa hawakujua yuko wapi. Mzee akasema, "Nilidhani wakikamata watu wengi namna ile, gazeti litaandika wamepelekwa wapi. Hata bila majina. Waandike tu: wa Mbeya wako mahali fulani. Ningekwenda na blanketi."

Tulikaa tukafungua yote mawili mawili, taa ya sola katikati. Nilifanya kama Mwalimu alivyosema, namsomea vitenzi. "Wanashikiliwa." "Watafikishwa mahakamani." "Hali imerejea." Kati ya yote tulipata Mbeya mara moja tu, mistari sita, ukurasa wa ndani chini ya tangazo la simu, inasema watu kadhaa wanahojiwa. Mzee alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameikunjia sikio.

Mjukuu alitoka siku ya 24. Ni baada ya Rais kusema bungeni tarehe 14 Novemba kwamba vijana waliofuata mkumbo wafikiriwe, wasamehewe. Kijana mwenyewe alikuwa pale pale anasikiliza, anaziba mpira wa baiskeli ya jirani. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kama bado nauza gundi ya karatasi, nikamwambia sijawahi kuuza gundi, akatabasamu kidogo. Mkono wa kushoto haukunjiki vizuri.

Nikamwambia mzee kuna tume iliundwa Novemba 2025 kuchunguza yale ya uchaguzi, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman. Akasema amesikia. Anachotaka kwanza ni kiandikwe hapa, kwenye karatasi, kwa sababu majirani wengine wanasema mjukuu wake alikuwa mwizi ndiyo maana alichukuliwa. "Simu inafutika," alisema. "Nataka nikate kwa wembe." Nilimsimulia habari ya mama wa njugu wa Mafinga siku nyingi zilizopita, kumbe aliisikia na kuihifadhi.

Amekubali kusema kwa jina lake kamili. Kijana naye amekubali. Kalamu ya Kihesa, unaye mwandishi hapa Mbeya ambaye atafika na kuandika alichokiona? Nitampa chai na nauli mimi.

---

Kalamu ya Kihesa
Ninaye mmoja, binti, nimeshampigia. Atakuja Jumamosi asubuhi, atajitambulisha mezani kwako na kitambulisho chake cha ithibati, mkague kabla ya kusema chochote. Nauli usimpe, nitampa mimi.

Kabla hajafika fanyeni haya. Kijana aende hospitali apimwe mkono, apewe karatasi yenye tarehe. Karatasi yoyote aliyopewa siku ya kutoka, mtoe nakala tatu, halisi ibaki kwa mzee asimpe mtu yeyote, hata huyo binti. Mzee aandike mwenyewe kwa mkono wake vituo alivyokwenda kumtafuta, siku na saa, hata kama hakumbuki vyote. Aandike pia alivyojibiwa, maneno yenyewe.

Kamanda atapigiwa simu Jumatatu saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Asipopokea, binti ataandika kwamba alipigiwa saa tatu, saa sita na saa tisa na hakupokea, na habari iende hivyo hivyo. Mhariri wake nimeongea naye jana usiku. Amesema atajitahidi. Nikamwambia neno hilo nalijua, nikamtajia yale magazeti yaliyofungwa kwa katani, akasema nimpigie tena Jumatatu jioni.

Nitampigia.